Shajara ya mradi: riwaya ya watoto kutoka kijiji cha wachonga makaburi, Misri ya kale

Mradi ni riwaya moja ya Kiswahili kwa wasomaji wa miaka 10 hadi 13: sura 24, kila sura maneno 1,400 hadi 1,600, na mchoro mmoja wa wino kwa kila sura. Shajara hii inafuata upande wa uhakiki: kilichokubaliwa, kilichokataliwa, na sababu zake.

Januari. Rafu ya waliotangulia

Kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa, tulipitia hadithi zilizopo kuhusu Misri ya kale, za watu wazima na za watoto, tukitafuta chanzo cha kila jambo ambalo msomaji hulitarajia. Jibu lililojitokeza ndilo lililoelekeza kazi yote iliyofuata: makosa mengi ya riwaya mpya hayatoki Misri, yanatoka kwenye riwaya za zamani. Mwandishi wa leo humnakili wa jana, wa jana alimnakili wa juzi, na wote huamini kwamba wamenakili ukuta wa kaburi.

Laana ya kaburi ndiyo mfano mkubwa. Wengi huianzisha na mwanaakiolojia Howard Carter, aliyeifikia ngazi ya kaburi la mfalme Tutankhamun tarehe 4 Novemba 1922, na mfadhili wake Lord Carnarvon, aliyefariki tarehe 5 Aprili 1923. Magazeti yakamalizia. Lakini Louisa May Alcott alikwisha kuchapisha hadithi fupi ya laana ya piramidi mwaka 1869, na Jane Loudon alikwisha kumfufua maiti wa Misri katika riwaya ya mwaka 1827 ambayo matukio yake yamewekwa karne ya 22. Laana ilikuwa rafuni zaidi ya miaka 50 kabla ya Carter kuikuta ngazi ile. Ndani ya kaburi lenyewe hakuna maandishi ya laana. Mwaka 2002 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi wa watu 44 wa nchi za Magharibi waliotajwa na Carter kuwa walikuwa Misri wakati ule. Wale 25 waliokuwapo kaburi au jeneza lilipofunguliwa waliishi kwa wastani hadi miaka 70, na wengine hadi 75. Uchambuzi haukuona uhusiano wowote wa maana kati ya kuingia kaburini na kufa mapema.

Uamuzi: hakuna laana, hakuna maiti anayeamka. Watoto wanapenda kuogopa, na watatishwa vya kutosha, ila kwa yale yaliyowatisha wanakijiji wenyewe: nge, deni, kiapo cha uongo mbele ya mungu, na mwezi kupita bila posho.

Kazi mbili za rafuni zilitufaa kama mfano wa njia. Agatha Christie, katika riwaya yake ya kipelelezi ya mwaka 1944 iliyowekwa Misri ya yapata 2000 KK, aliegemea barua za mkulima mmoja, Heqanakht, aliyewaandikia jamaa zake kuhusu nafaka na ugomvi wa nyumbani. Barua hizo zilifukuliwa upande wa magharibi wa Luxor, kusini mwa Misri. Kutoka kwenye hesabu ya shayiri na manung'uniko kuhusu mwanamke wa nyumba, riwaya ikapatikana. Naye Naguib Mahfouz, mwandishi wa Misri, aliandika riwaya tatu za Misri ya kale, za 1939, 1943 na 1944, na ile ya tatu, inayohusu kufukuzwa kwa watawala wageni, ilisomwa na Wamisri waliokuwa na askari wa Kiingereza mitaani. Kwake Misri ya kale haikuwa nchi ya maajabu ya mbali, ilikuwa kwao.

Februari. Mahali na mwaka

Riwaya nyingi za watoto huchanganya zama: Tutankhamun yuko kwenye kiti cha enzi, nje piramidi inajengwa, na ngamia amefungwa mlangoni. Tutankhamun alipozikwa, piramidi kubwa za Giza zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,200, na ngamia hakuwa mnyama wa kazi Misri. Kwa hiyo mwaka ulifungwa kwanza, hadithi ikafuata.

Mahali: Deir el-Medina, ng'ambo ya magharibi ya Nile mkabala na Luxor. Ni kijiji cha nyumba kama 68 ndani ya ukuta, makao ya familia za waliochonga na kupamba makaburi ya Bonde la Wafalme. Mwanaakiolojia Mfaransa Bernard Bruyère alikichimba kati ya 1922 na 1951, na maelfu ya vigae na vipande vya mawe ya chokaa vyenye maandishi yalipatikana: risiti, kesi, barua, madaftari ya kazi, dawa, michoro ya utani. Hakuna kijiji kingine cha zama zile ambacho tunajua nani alikuwa akimdai nani punda.

Mwaka: wa 29 wa utawala wa Ramesses III, yapata 1157 KK. Mwaka huo mafundi waligoma. Habari zake ziko kwenye karatasi ya mafunjo iliyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Misri mjini Turin, Italia, na karani anayehusishwa nayo, Amennakht, tunamjua kwa jina.

Tarakimu zifuatazo zimebandikwa ukutani. Kila sura inapimwa nazo:

Posho ya fundi mmoja kwa mwezi ni magunia 4 ya ngano ya kale na gunia 1 na nusu la shayiri. Mnyapara hupata 5 na nusu ya ngano na 2 ya shayiri. Gunia lao, *khar*, lilikuwa na ujazo wa lita 77 hivi, yaani takriban debe nne. Nyumba ya fundi hupokea basi karibu debe 22 za nafaka kwa mwezi. Hicho si chakula tu, ndicho pia fedha yao.

Juma lina siku 10, nane za kazi na mbili za mapumziko. Siku za kazi wanaume hulala kwenye vibanda vya mawe juu ya mlima, kati ya kijiji na Bonde. Hapo mwandishi wa rasimu alitega mtego bila kujua: katika sura ya 2 baba anakula na watoto jioni ya siku ya kawaida ya kazi. Jioni hiyo imehamishwa hadi siku ya 9 ya juma.

Mwaka una majira matatu ya miezi minne minne, kila mwezi siku 30, na siku tano za nyongeza mwishoni.

Kijiji hakina kisima. Kila tone huletwa na punda kutoka bonde la Nile, na wabeba maji ni watu walioandikwa kazi hiyo. Mtoto anayekunywa maji kwa pupa, au anayemwaga mtungi, ameleta balaa nyumbani. Hii ilitupa mvutano wa bure katika kila sura.

Nyumba ni ya tofali za udongo, nyembamba na ndefu, kama mita 5 kwa 15, na vyumba vinne vinavyofuatana kutoka mlango wa barabarani hadi jikoni. Jikoni kuna tanuri, ghala dogo chini ya ardhi, na ngazi ya kupandia darini. Hakuna ua wa mbele wala mti wa kivuli. Watoto wa rasimu ya kwanza walikuwa wakikimbilia "nyuma ya nyumba" kila mara; nyuma ya nyumba ni ukuta wa jirani. Sasa wanakimbilia darini.

Machi. Mzigo wa hadithi ni deni la punda

Kitendawili cha kati kilihitaji kitu ambacho mtoto wa miaka 11 anaweza kukifuatilia kwa miguu yake. Hazina iliyoibwa ilikataliwa mara moja, maana ndiyo hadithi ya kila mtu. Kilichochaguliwa ni punda.

Maandishi ya kijiji yamejaa kesi za punda. Fundi alimkodisha mnyama wake kwa mbeba maji au mkata kuni, mkodishaji akachelewa kulipa, punda akafa au akarudishwa kilema, wakaenda barazani. Bei ya punda ilikuwa deben 25 hadi 40 za shaba. Deben moja ni gramu 91 hivi. Gunia la nafaka kwa kawaida lilihesabiwa deben 2, kwa hiyo posho nzima ya fundi ilikuwa sawa na deben 11 kwa mwezi. Punda wa deben 30 ni karibu miezi mitatu ya posho bila kula. Msomaji akishaelewa hesabu hiyo katika sura ya 3, hahitaji kuambiwa kwa nini mama amenyamaza.

Tahadhari kuhusu deben: haikuwa sarafu. Hakuna mtu aliyetoa shaba mfukoni. Bei zilitajwa kwa deben, kisha zikalipwa kwa vitu: mbuzi wa deben 2, jozi ya makubadhi ya deben 1 au 2, kapu, mafuta, kitambaa. Tukio la sokoni lazima lionyeshe watu wakijumlisha vitu hadi vilingane. Rasimu mbili zilikuwa na mtu anayehesabu "vipande vya shaba", na zote mbili zilirudishwa.

Wahusika: Wabet, msichana wa miaka 11, kaka yake Ipuy, mwanafunzi wa uchoraji, baba yao Nebre. Majina yote matatu yanapatikana katika kumbukumbu za kijiji. Kanuni ni kwamba wahusika wawili wasianze na herufi moja, kwa sababu kijijini kulikuwa na Amennakht wengi na wasomaji wa majaribio walipotea. Amennakht wa kweli ndiye karani na anabaki peke yake na herufi A.

Mgomo unaingia sura ya 13. Siku ya 10 ya mwezi wa pili wa majira ya kuchipua, mafundi wanavuka kuta za ulinzi za eneo la makaburi na kukaa nyuma ya hekalu la Thutmose III, wakisema wana njaa na siku 18 zimepita. Siku zinazofuata wanahamia hekalu la Ramesses II. Madai yao yaliandikwa: njaa na kiu ndivyo vilivyowaleta, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, mfalme aandikiwe, waziri aandikiwe.

Na hapa maandishi yenyewe yakampa Wabet kazi. Mkuu wa polisi wa eneo lile, Mentmose, aliwashauri mafundi wafunge milango ya nyumba zao na kuwachukua wake na watoto, naye angewaongoza hadi hekalu la Seti I. Hatukuhitaji kubuni kisingizio cha kumpeleka mtoto kwenye mgomo. Polisi mwenyewe alimwalika.

Tumeruhusu kubuni mambo matatu: familia ya Nebre, punda wa deni lake, na mazungumzo. Mpangilio wa siku za mgomo haubadilishwi hata kama sura ingependeza zaidi.

Kesi ya punda inafikishwa mbele ya sanamu ya Amenhotep I, mfalme aliyekufa miaka zaidi ya 300 nyuma na aliyeabudiwa kijijini kama mlinzi. Makuhani, ambao ni mafundi wenyewe katika siku ya mapumziko, hubeba sanamu mabegani. Ikisonga mbele jibu ni ndiyo, ikirudi nyuma ni hapana. Majina yaliweza kusomwa moja moja hadi mungu aitikie. Mwandishi alitaka Wabet agundue kwamba wabebaji wanadanganya. Ilikataliwa: ni ujanja wa mtoto wa leo. Kilichokubaliwa ni kwamba Wabet anajua mmoja wa wabebaji ni mkopeshaji, anaogopa, na bado anaamini.

Aprili. Vilivyotolewa jikoni

Orodha hii iliandikwa kwa ajili ya mwandishi wa Kiswahili hasa, maana mkono wake una mazoea yake. Akiandika "chakula cha maskini", mkono unaleta ugali na maharage. Mahindi, maharage yetu ya kawaida, mhogo, viazi, nyanya, pilipili kali na karanga vyote vina asili ya Amerika, na Misri ilivipata zaidi ya miaka 2,600 baada ya mgomo. Mchele haukuwapo, wala sukari, limau, chungwa, nazi, chai, kahawa. Kuku alikuwa kioja. Wafugwao ni bata na mabata bukini. Pamba haikuvaliwa, nguo ni ya kitani. Chuma kilikuwa adimu. Patasi za mafundi ni za shaba na shaba nyeusi, mali ya serikali, na karani hupima uzito wake zinapotoka na zinaporudi.

Kilichopo kinatosha: mkate, vitunguu, vitunguu saumu, dengu, matango, tende, tini, samaki wa kukausha, na koma za mkoma, jamaa wa karibu sana na mkoma wa pwani yetu. Utamu ni wa tende, maana asali ni ghali.

Pombe ya shayiri ilizua mjadala mrefu. Ilinywewa kila siku, na watoto hawakukatazwa. Pendekezo la kuiita togwa lilikataliwa: kitabu kinachosahihisha ngamia hakiwezi kuficha mtungi. Inaitwa pombe, inatajwa inapohitajika, haipambwi. Kwenye jiwe moja la chokaa lililopo British Museum, la mwaka wa 40 wa Ramesses II, karani ameorodhesha mafundi 40 na sababu za kila mmoja kutofika kazini: macho yanauma, ameumwa na nge, anamzika mama yake, anamfunga ndugu yake sanda, anatengeneza pombe. Jiwe hilo limekuwa sura ya 6 nzima. Nebre anakosa kazi siku mbili, na Wabet anataka kujua karani ataandika sababu gani.

Mei. Mfalme na heshima

Msomaji wetu anafika kitabuni akiwa tayari na Firauni, wa madrasa au wa shule ya Jumapili, na anamjua kuwa dhalimu aliyezama. Ukimwita Ramesses III Firauni katika ukurasa wa kwanza, hadithi imekwisha kuhukumiwa. Kote kitabuni ni "mfalme". Vilevile maiti iliyohifadhiwa haiitwi mumia, kwa kuwa mwambao mzima una hofu yake ya mumiani, nayo ni hadithi nyingine kabisa.

Salamu: shikamoo haitumiki, ni yetu mno. Lakini mtoto anayemwita mtu mzima jina tupu anasikika hana adabu, nasi hatutaki Wabet achukiwe bure. Basi ni baba, mama, bibi, kaka, bwana karani, na "baba" hata kwa mzee asiye wa damu. Wamisri nao walitumia maneno ya ndugu kwa upana mkubwa, kwa hiyo hakuna kilicholazimishwa.

Juni. Sura ya mazishi

Jirani anafariki sura ya 9. Hapa ndipo rafu ya zamani ina nguvu kuliko popote, kwa hiyo kila hatua iliandikwa upya.

Maiti haikulowekwa. Vitabu vingi vya watoto bado vina beseni la maji ya magadi, kutokana na usomaji wa zamani wa Herodotus, mwanahistoria Mgiriki. Magadi yalitumika makavu, yakafukiwa juu na ndani ya mwili, yakanyonya maji yote. Mwaka 1994, Maryland, Marekani, watafiti wawili waliuhifadhi mwili wa mtu aliyejitolea kwa sayansi kabla ya kufa, wakitumia zaidi ya kilo 200 za magadi makavu kwa siku 35, na mwili ukakauka kama ulivyotakiwa. Magadi haya mtoto wa Kiswahili anayajua, yamo jikoni kwa bibi yake. Maelezo ya kemia yaliondolewa yote na sentensi moja ikabaki.

Shughuli nzima huchukua siku 70, na ukaushaji ni kama 40 kati ya hizo. Moyo huachwa mahali pake, kwa kuwa ndio utakaopimwa mbele ya mungu Osiris. Ubongo hutolewa puani na hautunzwi. Ini, mapafu, tumbo na utumbo hukaushwa peke yake, na kwa wenye uwezo hutiwa kwenye vyungu vinne: cha ini kina kichwa cha mtu, cha mapafu nyani, cha tumbo mbweha, cha utumbo kipanga. Mchoraji akumbuke kwamba vichwa vya wanyama ni sahihi kwa wakati wa Ramesses III. Vyungu vya Tutankhamun, zaidi ya karne moja na nusu kabla, vyote vina vichwa vya watu.

Sasa swali ambalo hadithi huwa haziulizi: nani analipia? Jeneza la mbao lililopambwa liliuzwa kijijini deben 20 hadi 40. Mafundi walitengenezeana na kuuza nje, ndiyo biashara yao ya pembeni. Mjane wa sura ya 9 hana hata deben 20. Mafundi wanamfanyia kazi siku zao za mapumziko, mmoja anatoa mbao, mwingine rangi, na Ipuy anapewa kuchora mistari. Anachora kwa wekundu, na fundi mkuu anasahihisha kwa weusi, kama ilivyofanywa kwenye kuta za makaburi. Alama zile za weusi juu ya wekundu bado zinaonekana katika makaburi yasiyomalizika Bondeni. Umbo la mtu aliyesimama hugawanywa miraba 18 kutoka wayo hadi mstari wa nywele. Ipuy anamaliza na 19, na mjane anacheka kwa mara ya kwanza.

Julai. Michoro, na jina la msomaji

Maelekezo kwa mchoraji ni mafupi. Watoto kichwa kimenyolewa denge, kishungi kimoja kimesukwa upande wa kulia. Wengi hawavai viatu. Kuta za nje ni nyeupe. Hakuna piramidi nyuma, isipokuwa vipiramidi vidogo vya tofali juu ya makaburi ya kijiji chenyewe, mlimani. Herufi za picha zenye wanyama na watu hutazama upande ambao mstari unaanzia. Mchoro ukigeuzwa kwa kompyuta ili upendeze ukurasani, mstari nao unaanzia upande wa pili, na kishungi kinahamia kushoto. Ipuy na karani hawaandiki picha hizo kwenye vigae, wanaandika mwandiko wa haraka, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kalamu ya unyasi.

Vichwa vya sura vimechukua utani wa kijiji: paka akimhudumia panya bibi, paka akichunga bukini. Michoro ya namna hiyo ilikutwa juu ya vipande vya chokaa, na hakuna aliyeihitaji kaburini.

Kurasa mbili za mwisho zinamfundisha msomaji kuandika jina lake. Vitabu vya Kiingereza vina jedwali la A hadi Z ambalo halitufai. Tulitengeneza la Kiswahili kutokana na alama 24 za konsonanti moja moja. Sh ni ziwa. Ch ni kamba ya kufungia mnyama. J ni swila. Z ni komeo la mlango. N ni wimbi la maji, b ni mguu, d ni mkono, r ni mdomo, k ni kapu lenye mshikio, m ni bundi. (Kina Mwanaisha na Maryamu watalalamika kuhusu bundi. Wavumilie, Misri hakuwa ndege wa mkosi.) L haikuwa na alama yake ya kawaida, ilipobidi kuandika majina ya Kigiriki kama Ptolemaios, simba aliyelala alitumika, nasi tunamtumia. V inaazima kifutu wa f. Dh, th na gh zina alama za kukaribiana tu, na jedwali linasema hivyo waziwazi. Irabu hazikuandikwa, lakini *i* inaweza kuwa mabua mawili ya tete na *u* au *w* ni kifaranga wa kware. Zawadi basi: komeo, kware, mkono, mabua mawili.

Kila duka la zawadi huzungushia jina la mteja duara refu la kamba. Duara hilo ni la wafalme na malkia. Msomaji wetu atamalizia jina lake kwa alama ya msichana au mvulana aliyeketi, kama mtu wa kijiji.

Agosti. Hadithi ndani ya hadithi

Siku za njaa, bibi anasimulia darini. Tuliwaachia Wamisri hadithi zao. Ya kwanza ni ya baharia aliyevunjikiwa na chombo: jahazi la dhiraa 120 kwa 40, mabaharia 120, wimbi la dhiraa 8, na kisiwa cha nyoka wa dhiraa 30 mwenye ndevu na mwili wa dhahabu, anayemhurumia mtu mdogo kwa sababu yeye mwenyewe alipoteza jamaa zake wote. Ya pili ni ya mpiga kasia aliyeangusha ziwani kidani chake cha samaki akagoma kupiga kasia. Kuhani akaikunja nusu ya maji juu ya nusu nyingine, akakiokota. Msichana anayegoma mbele ya mfalme, katikati ya sura za mgomo: hatukubadilisha neno.

Nyoka anajiita bwana wa Punt, nchi ambako Wamisri walifuata ubani. Kishawishi cha kuipeleka Punt hadi Unguja au Lamu kilijitokeza mara moja, na kwenye kitabu cha Kiswahili kingesomeka vizuri mno. Ilikataliwa. Ushahidi wa ubani, nyani na njia ya Bahari ya Shamu unaelekeza pande za Eritrea, Ethiopia na Somalia. Bibi anasema "kusini, kwa bahari", basi.

Septemba. Hali ilivyo

Sura 1 hadi 18 zimehakikiwa. Wasomaji wa majaribio wamekwama mahali pawili: majira ya mwaka, ambayo sasa yanaelezwa kwa hali ya mto badala ya majina, na hesabu ya sura ya 3, ambayo imepewa mchoro wa magunia. Mjadala wa pombe umefufuliwa na mwalimu mmoja; jibu letu ni lile lile.

Sura ya 22 bado ina tatizo. Rasimu inamleta waziri To kijijini akiomba radhi. Waziri hakuja. Mwaka huo alikuwa akikusanya sanamu za miungu ya kusini kwa ajili ya jubilei ya mfalme ya mwaka wa 30, akatuma ujumbe kwamba hata ghala lenyewe likiwa tupu angewapa alichokipata, na kilichotolewa kilikuwa nusu ya posho. Mandhari itaandikwa upya: mjumbe anasoma, karani Amennakht anapima, Wabet anahesabu kwa vidole. Magunia 2 ya ngano, robo tatu ya gunia la shayiri, na mwenye punda yuko kwenye foleni nyuma yao. Rasimu hiyo inarudi kwa wahakiki Oktoba, pamoja na michoro ya sura 19 hadi 21.